Kamera za ghala la mbegu huku Benet: shajara ya kupambana na baridi na ukungu

Mwezi wa tano, mwishoni

Naanza kuandika hii leo kwa sababu kikundi kimenikabidhi kamera rasmi, na kuna watu wa Bukwo na hata Kisoro wananiuliza kila mara tumefikia wapi, sasa badala ya kurudia rudia nitaandika hapa kila nikifanya kitu.

Hali iko hivi. Ghala ni la kikundi cha wakulima wa mbegu za viazi, huku Benet wilaya ya Kween, Uganda, upande wa juu wa Mlima Elgon. Tuko zaidi ya mita 2500, saa kumi na mbili jioni kila mtu ashavaa jaketi. Ndani ya ghala kuna mbegu za msimu unaokuja zimepangwa kwenye vichanja, na mtu akiiba mbegu hajaiba gunia tu, ameiba msimu mzima wa familia ya mtu, manake mbegu safi hauipati sokoni hivi hivi ukishachelewa. Ndo maana kikundi kilichanga pesa zikafungwa kamera tatu mwaka jana. Mchana zinaonyesha vizuri sana. Usiku ndo shida, na usiku ndo tunazihitaji.

Malalamiko niliyokusanya kwa askari wetu wa usiku na kwenye rekoda yenyewe: kuanzia saa nane usiku picha inakuwa nyeupe tupu. Alfajiri inakuwa na utando, unaona kivuli cha mtu lakini sura hauioni. Kamera ya nyuma inaamka na rangi ya waridi, majani yote pinki mpaka kama saa nne. Na zikija wiki za mawingu mfululizo, kila kitu kinazima kabla hakujakucha.

Fundi mmoja alishaitwa akasema kamera ni feki, zote zitolewe zinunuliwe mpya. Mimi sikukubaliana naye na nilimwambia mwenyekiti hivyo hivyo. Kwenye boksi zimeandikwa zinafanya kazi kuanzia digrii 30 chini ya sifuri hadi 60 juu. Huku kwetu usiku wa baridi kali hatuko hata karibu na hiyo. Kwa hiyo baridi peke yake haiwezi kuwa ndo inaua picha, kuna kitu kingine kinachokuja pamoja na baridi.

Mwezi wa sita, mwanzoni

Nimeongea sana na shemeji yangu aliye Edmonton huko Kanada, yeye kazi yake ndo hii, kufunga kamera kwenye mayadi ya magari na maghala, na Januari kwao inaweza kushuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri. Alinitumia voisi ndefu ndefu za WhatsApp na nimezisikiliza zote na kalamu mkononi.

Kwao shida ya kwanza ni betri. Zile kamera ndogo zisizo na waya, zenye betri ya lithiamu ndani, hazitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri kwa sababu lithiamu inajipaka kwenye elektrodi badala ya kuingia ndani yake na betri inaharibika moja kwa moja, kwa hiyo zile za maana zinakataa zenyewe kuchaji, na mwenye nyumba anashangaa sola ipo na jua lipo lakini kamera imekufa. Betri za kawaida za alkalini nazo zinaishiwa nguvu haraka kwenye baridi, ndo maana wao kwa kamera za porini wanaweka zile AA za lithiamu zisizochajiwa, ambazo zinavumilia mpaka digrii 40 chini. Yeye ushauri wake ni mmoja, waya. Kamera ya waya inayokaa imewashwa saa zote inajipasha yenyewe kidogo, na ukiizima usiku kucha ndo unaipa baridi nafasi ya kuingia mpaka ndani, hata kuna kamera zinazoweza kuendelea kufanya kazi kwenye baridi fulani lakini zikizimwa kwenye baridi hiyo hiyo haziwaki tena mpaka joto lipande.

Akaniambia pia kamera yenye barafu kwenye kioo isimwagiwe maji moto, kioo kinaweza kupasuka. Na ukitoa kamera nje kwenye baridi ukaiingiza kwenye nyumba yenye joto, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iache ipate joto humo humo, maji yatatua juu ya mfuko na sio ndani ya kamera. Hii nimeichukua kabisa, kwa sababu hata hapa ukishusha kamera alfajiri ukaiingiza jikoni kwenye moto unaona inavyotoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Nilipomweleza dalili zetu akasema shemeji, kwenu hapo adui sio baridi, ni maji.

Mwezi wa sita, katikati

Nimenunua Mbale kipimo kidogo cha joto na unyevu, nimekitundika chini ya paa karibu na kamera ya mlango, askari anaandika kila saa kwenye daftari. Mchana kwenye jua unyevu unashuka, lakini ikifika saa tatu usiku ushapanda na kuanzia saa sita uko karibu na mia kwa mia na unakaa hapo mpaka jua litoke.

Hesabu yake ni rahisi na inaeleza mambo mengi. Hewa ya digrii 25 inaweza kubeba karibu gramu 23 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya digrii 10 inabeba gramu 9 na kidogo. Ya digrii 5 inabeba kama gramu 7. Sasa ikipoa usiku yale maji ya ziada lazima yatue mahali, na yanatua kwenye kitu chochote kilicho baridi kuliko hewa. Bati, majani, na kioo cha kamera. Ikitua nje ya kioo unafuta. Ikitua ndani ndo unapata ule utando wa alfajiri ambao askari alikuwa anapanda ngazi kuufuta kwa shati na hautoki.

Nimefungua kamera ya mlango (niliishusha mchana, kavu, na sio asubuhi). Ndani kuna alama za matone yaliyokauka pembeni ya lenzi. Watu wanasema lakini hii imeandikwa IP66, maji hayaingii. Ni kweli hayaingii ukiimwagia, IP66 inapima vumbi na maji ya kurushwa kwa nguvu, IP67 inapima kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Hakuna hata moja hapo inayopima mvuke. Na kamera inapumua. Mchana jua linaipiga, hewa ya ndani inapanuka na kutoka kidogo kidogo kupitia gasketi (ule mpira wa kuziba kiungo) na pale waya unapoingilia, usiku inapoa inanywea na kuvuta ndani hewa ya saa hiyo, ambayo ndo hiyo imejaa maji. Siku moja hauoni kitu. Msimu mmoja unaona.

Nilichofanya: nimesafisha gasketi na kuipaka grisi ya silikoni kidogo, nimeweka pakiti mpya za silika jeli ya kunyonya unyevu ndani, zile za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikijaa maji. Tafadhali pakiti za kutoka kwenye maboksi ya viatu waachieni viatu, nyingi zimeshashiba maji kitambo kabla hujazigusa. Hizi ukikuta zimegeuka rangi unazikausha kwenye oveni, digrii kama 120, zinarudi kazini.

Kwenye waya nimefanya kitu ambacho kinaonekana kidogo lakini kina maana kubwa. Waya wote ulikuwa unashuka kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi kwenye kamera, kwa hiyo mvua ilikuwa inatembea juu ya waya mpaka kwenye tundu. Sasa kila waya unashuka chini ya kamera kwanza halafu ndo unapanda, tone likifika pale chini linaanguka. Viungio nimevifunga na ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Kimoja kilikuwa kishakuwa kijani ndani, pini zimeliwa, nikakata nikaweka kichwa kipya.

Mwezi wa saba

Hii ya kamera ya pembeni nimeipenda sana kuipata. Silika yake ilikuwa inageuka rangi haraka kuliko za wenzake na kioo chake kilikuwa cha kwanza kushika utando, na wakati gasketi iko sawa. Nikakaa nayo usiku na askari. Kumbe imefungwa juu kidogo ya matundu ya hewa ya ghala. Viazi ni kitu hai, vinapumua, vinatoa joto na maji, na ghala la mbegu limejengwa makusudi lipitishe hewa ili vile viazi visioze. Kwa hiyo usiku ile hewa ya ndani yenye joto na unyevu inatoka kwenye matundu, inapanda, inakutana na kamera ya baridi. Ukiweka mkono pale unahisi kabisa.

Kuziba matundu haiwezekani, mbegu ndo zenye nyumba. Nimehamisha kamera hadi kwenye kona, mbali na matundu, na imepona. Kama una kamera juu ya jiko, juu ya zizi la ng'ombe, juu ya chumba cha kukaushia kahawa, angalia hii kabla ya kununua chochote.

Mwezi wa nane

Mwezi wa ukungu. Hapa ndo nimekaa sana.

Utando umepungua lakini picha nyeupe ya saa nane usiku bado ilikuwepo, na hiyo sio maji kwenye kioo, ni ukungu wenyewe. Kamera inawasha taa zake za infraredi (mwanga ambao jicho la mtu halioni lakini kamera inauona) zilizozunguka lenzi, zile taa zinapiga vile vitone vidogo vidogo vya ukungu vilivyo mbele yake hapo hapo, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi, kamera inaona mwanga mwingi inapunguza macho, na mtu aliye mita kumi nyuma ya huo mwanga hayupo kabisa kwenye picha. Dereva yeyote aliyepanda barabara ya Kapchorwa na ukungu anajua, ukiwasha taa kubwa ndo unaharibu zaidi. Shemeji anasema theluji ikianguka usiku inawafanyia hivyo hivyo, kila kipande kinang'aa mbele ya kamera.

Dawa ni kutenganisha taa na jicho. Nimezima infraredi za ndani kwenye setingi na kununua taa ya infraredi ya peke yake, nimeifunga kwenye nguzo mita chache pembeni ya kamera na chini kidogo, inamulika mlango kwa kukata upande. Ukungu bado unaangaza lakini sehemu kubwa ya mwanga hairudi kwenye lenzi. Tofauti niliyoiona usiku wa kwanza iliniridhisha moyo kabisa, mlango unaonekana, kufuli linaonekana, askari akisimama pale unamtambua ni nani. Ukungu ukiwa mzito ule wa kutoona hata mkono wako, hakuna taa itakayosaidia, hilo nimemwambia mwenyekiti wazi ili asije akaacha kumlipa askari akidhani kamera zinatosha.

Kwa anayenunua: kuna taa za nanomita 850 na za 940, huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Za 850 zinafika mbali zaidi lakini ukiziangalia usiku unaona wekundu hafifu. Za 940 hazionekani ila umbali unapungua. Sisi tumechukua 850, mwizi akijua kuna kamera ni sawa tu.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea, buibui wamehama. Wadudu wanafuata zile taa, buibui wanafuata wadudu, wanajenga mbele ya lenzi, utando mmoja wa buibui usiku unajaza picha nzima na rekoda inapiga alamu kila upepo ukivuma. Sasa wamehamia kwenye nguzo ya taa, wakae huko.

Mwezi wa tisa

Hita. Huku hatuhitaji zile hita za Kanada zinazokula umeme mpaka swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa waya ule ule wa mtandao) ya kawaida ya wati 15 kwa tundu inashindwa na lazima waweke ile ya wati 30. Sisi tunahitaji kioo kizidi hewa kwa digrii chache tu, basi, maji hayatatua. Wanaoangalia nyota kwa darubini wanatumia resista, vipande vidogo vinavyopata joto umeme ukipita, kuzunguka lenzi, na mimi nimefanya hivyo hivyo. Resista moja ya omu 68 inayobeba wati 5, kwenye volti 12 inatoa joto la wati 2 na kidogo. Nimeishikiza kwa tepu ya aluminiamu nje ya bodi karibu na kioo, chini ya kikofia cha jua, nikafunika viungo vyote maji yasiguse. Saa ya kuwashia inaiwasha saa moja jioni na kuizima saa mbili asubuhi. Ukigusa kioo usiku unahisi uvuguvugu, sio moto. Chagua resista yenye uwezo zaidi ya mara mbili ya joto inalotoa, ndogo itaungua na plastiki.

Utando wa nje umekwisha. Hata asubuhi ambazo bati lote linadondosha maji kioo kiko kikavu.

Mwezi wa kumi

Umeme. Stima ya gridi haijafika ghalani, ni sola, na hapa ndo hesabu ilikuwa haitoshi tangu mwanzo. Kamera moja inakula kama wati 4 mchana na 7 usiku ikihesabiwa na taa yake, kwa siku ni karibu wati-saa 132, tatu ni 396. Rekoda na rauta pamoja wati 12 saa zote, 288. Jumla 684, na hita zimeongeza kama 84. Paneli zilikuwa mbili za wati 200. Siku ya jua zinaleta karibu 1500 baada ya kutoa yanayopotea, hapo raha. Siku ya ukungu, jua la maana ni saa mbili tu, zinaleta kama 600. Kila siku ya hivyo unakula akiba, na betri ya asidi ya volti 12 na 200 Ah (amp-saa) haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo akiba yenyewe ni wati-saa 1200 tu. Wiki moja ya Agosti na imekwisha.

Tumeongeza paneli ya tatu. Kikundi kiliuza viazi vya kula kidogo ndo ikapatikana, na nawashukuru kina mama waliosimamia hilo kwenye mkutano, bila wao ingekataliwa.

Betri pia inasikia baridi. Kontrola ya zamani, kile kifaa kinachosimamia kuchaji, ilikuwa inachaji kama vile betri iko digrii 25. Betri ya asidi ya volti 12 inataka iongezewe kama volti 0.02 hadi 0.03 kwa kila digrii moja chini ya hapo, kwa hiyo betri iliyoko digrii 10 inakosa volti 0.3 au zaidi, haijai kamwe, na mwaka hadi mwaka inakufa pole pole watu wakilaumu betri. Kontrola mpya ina waya wa kupima joto, nimeubandika ubavuni mwa betri. Betri yenyewe nimeitoa kwenye sakafu ya saruji nikaijengea boksi la mbao lenye matundu ya hewa juu. Kwa walio kwenye nchi za barafu, betri ya asidi iliyojaa haigandi kirahisi lakini iliyoisha inaweza kuganda hata kwenye digrii 10 chini ya sifuri na kupasuka, ndo maana wao hawaiachi iishe.

Paneli nimeziinamisha kidogo tu, tuko karibu na ikweta, ila nisingeziweka bapa kwa sababu mvua inatakiwa iondoke na vumbi.

Januari

Nilidhani kiangazi kitakuwa rahisi, hakuna ukungu. Lakini usiku wa mbingu wazi ndo wa baridi zaidi, na kitu chochote kinachotazama mbingu kinapoteza joto lake kwenda juu mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Kule juu kabisa kwenye nyasi za mlima maji yanashika barafu usiku. Kwetu hapa, kamera ya nyuma, ambayo ilifungwa kwenye nguzo wazi, mgongo wake ulikuwa umelowa chapa chapa wakati zilizo chini ya paa ni kavu. Nimeijengea kipaa cha bati pana juu yake, na hicho tu kimetosha, hita yake sasa inafanya kazi nyepesi.

Ile pinki nayo ni ya kamera hii. Mbele ya sensa kuna kichujio kidogo kinachozuia infraredi mchana, usiku kinasogezwa pembeni na koili ndogo, ukiwa karibu unasikia inalia tak. Baridi na unyevu vinakifanya kizito, asubuhi kinakwama pembeni, mwanga wa infraredi wa jua unaingia na majani yanakuwa pinki. Nimetoa setingi ya kujibadilisha yenyewe nikaweka saa, ibadilike saa mbili na nusu asubuhi wakati bodi ishapata joto. Tangu hapo inabadilika bila kukwama. Ikianza tena nitabadilisha kichujio, ni kipuri cha bei ndogo.

Februari

Tulikaa na mzee mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani. Mama wa boma la chini alilalamika kamera ya kona inaona mlango wake, na ana haki, sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 ipo na inatuhusu hata sisi wa kijijini. Nimeiziba hiyo sehemu kwenye setingi, inaonekana nyeusi, nikamwonyesha kwenye simu mwenyewe akaridhika. Tumebandika pia kibao kwenye geti kwamba kuna kamera.

Wiki hiyo hiyo, saa tisa usiku na ukungu upo, watu walifika kwenye ua wa nyuma. Kamera iliwaona, simu ya askari ikalia, akawasha tochi na kupiga filimbi, wakakimbia kuelekea bondeni. Video ipo, mwendo na nguo vinaonekana, sura moja inaonekana vizuri ya kutosha, tumempa mwenyekiti na kituo cha polisi. Mbegu hata kiazi kimoja hakikuguswa. Mzee wangu mmoja wa kikundi alikuja asubuhi akasimama mbele ya vichanja akahesabu magunia yake kwa kidole, halafu akanishika mkono.

Kilichobaki kabla ya mvua kuanza: kikinga radi kwenye waya wa nguzo ya nyuma na kuuchimbia nondo ya ardhi, kubadilisha kipande kirefu cha waya wa UTP (waya wa mtandao) ambao ni wa aluminiamu iliyopakwa shaba, unapoteza volti nyingi, nataka shaba tupu, na kukausha silika zote. Yule wa Kisoro aliyeuliza kuhusu resista: kama mfumo wako ni wa volti 24 usitumie omu 68, joto litakuwa mara nne, weka omu 270.